Bluu ya tanzanaiti hupotelea wapi kati ya skrini na karatasi?

Piga picha tanzanaiti iliyokatwa vizuri, juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha. Ifungue kwenye laptop. Bluu inawaka, ina urujuani kwa ndani, utadhani jiwe limemezeshwa taa. Sasa ipeleke ikachapwe kwenye kipeperushi. Kinachorudi mara nyingi ni zambarau iliyochoka, kama wino wa kalamu uliomwagikiwa maji. Jiwe ni lile lile, faili ni lile lile, na fundi wa mashine anaapa hajagusa kitu. Tena anasema kweli.

Ukikaa Njiro hili si swali la darasani. Hapa kampuni za utalii zimejaa, nyingine zina ofisi ndani ya nyumba za kuishi, na kila moja inataka kipeperushi chenye Mlima Meru, simba na machweo. Mererani nayo, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti kibiashara, hapako mbali. Tuseme una duka la vito na umeagiza vipeperushi 2,000. Vimekuja bluu ikiwa imekufa. Utavitupa, au utavigawa hivyo hivyo vikamwonyesha mteja jiwe ambalo si lile unalouza? Tanzanaiti hupandishwa bei na rangi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo rangi ikikosewa umekosea kitu chenyewe unachouza.

Kabla hatujamlaumu mwenye printa, tuangalie ndani ya faili lenyewe.

Namba tatu zisizo na kipimo

Picha ya kidijitali ni vijidoti, yaani pikseli, na kila pikseli imebeba namba tatu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukizichanganya zote unapata michanganyiko 16,777,216. Sasa nikuulize: pikseli yenye 60, 50, 170 ni bluu gani hasa?

Huwezi kujibu, na si kosa lako. Namba hizo haziji na rangi. Zinachofanya ni kuiambia skrini iwashe taa yake nyekundu kiasi hiki, ya kijani kiasi kile, ya bluu kiasi kile. Taa za skrini yako si sawa na za skrini yangu. Pita kwenye duka la televisheni wakati wa mechi uone: ukutani ziko televisheni kumi, mpira mmoja, na nyasi za uwanja zina kijani cha aina kumi. Kila moja imepokea namba zile zile.

Hapa nikimbilie sokoni kidogo, maana mfano uko Kilombero kila siku. Mtu akikuambia "nimenunua gunia tatu za viazi", umejua nini? Kama gunia limefungwa kawaida ni habari moja, kama ni lumbesa, lile lenye kilemba cha viazi juu, ni habari nyingine kabisa. "Tatu" peke yake haitoshi. Ugomvi unaisha pale mnapoweka gunia kwenye mizani na kusoma kilo.

Rangi nayo ilihitaji mizani. Miaka ya 1920 wanasayansi wawili Uingereza, William David Wright na John Guild, kila mmoja kwa upande wake, waliwakalisha watu mbele ya kioo kilichogawanyika nusu mbili. Upande mmoja mwanga wa rangi fulani, upande wa pili mchanganyiko wa taa tatu, na kazi ya mtu ni kuongeza na kupunguza taa hizo mpaka pande mbili zifanane. Wright alipima watu 10, Guild 7. Kutokana na macho hayo 17, mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitoa kanuni ya kueleza rangi kwa jinsi jicho la binadamu linavyoiona, bila kujali imetoka kwenye taa, kitambaa au jani la mgomba. Macho 17, na kipimo hicho bado ndicho msingi wa kila skrini na printa unayoijua.

Mwaka 1976 ikaja Lab, njia nyingine ya kuandika vipimo vile vile kwa namna iliyo karibu zaidi na tunavyohisi tofauti za rangi. L ni mwangaza, kutoka 0 hadi 100. Ile a inaenda kati ya kijani na nyekundu, b kati ya bluu na njano. Hasi kubwa kwenye b ni bluu kali. Ikumbuke Lab kama kilo zetu, tutairudia.

Profaili: karatasi ya gunia

Profaili ya rangi ni faili dogo linalosema: "Kwenye kifaa hiki, namba hizi zikitumika, rangi inayotokea ukiipima kwa kilo ni hii." Basi. Skrini ina ya kwake, printa ina ya kwake, hata aina ya karatasi inadai ya kwake, kwa sababu wino ule ule kwenye karatasi tofauti hutoa rangi tofauti.

Zamani kila kampuni ilikuwa na mfumo wake wa kutafsiri rangi. Mwaka 1993 kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe, Agfa, Apple, Kodak na Microsoft, zikaunda muungano wa ICC ili profaili ziandikwe kwa muundo mmoja unaosomeka kokote. Ndiyo maana mafaili hayo yanaishia na .icc au .icm. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna kifaa kinachohitaji kufahamiana na kingine. Ukiwa na kamera tano na printa kumi, ungehitaji tafsiri 50 kama kila kamera ingeongea na kila printa moja kwa moja. Kwa kupitia mizani ya katikati zinatosha profaili 15.

Profaili utakayokutana nayo zaidi ni sRGB, iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Picha nyingi za mtandaoni na za simu ziko humo. Kuna Adobe RGB ya 1998, pana zaidi hasa upande wa kijani na samawati. Na iPhone tangu toleo la 7 hupiga picha kwenye Display P3, ambayo pia ni pana kuliko sRGB. Picha ya P3 ikifika kwa fundi ikiwa imepoteza karatasi yake, kompyuta itadhani ni sRGB na rangi zitapauka kabla hata ya wino kuguswa. Usiitume kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, maana itabanwa na kuandikwa upya njiani. Itume kama dokumenti.

Sasa, jambo linalowachanganya watu wengi, wakiwemo wanaolipwa kwa kazi hii. Photoshop ina amri mbili zinazokaa jirani kwenye menyu ya Edit: "Assign Profile" na "Convert to Profile". Zinafanana kwa jina, ila kazi zake ni kinyume.

Ya kwanza inabadilisha karatasi iliyobandikwa juu ya gunia. Viazi havijaguswa, namba ni zile zile, lakini umesema sasa zisomwe kwa kipimo kingine. Rangi unayoiona inabadilika papo hapo. Ya pili inamimina viazi kutoka gunia hili kwenda magunia ya saizi nyingine huku ikihakikisha kilo zinabaki zile zile. Namba zinabadilika ili rangi isibadilike. Unapoandaa picha kwa ajili ya kuchapa, unachotaka ni kumimina. Ile ya kubandika itumie tu pale faili limekuja halina karatasi kabisa na una hakika lilitoka wapi.

Gunia likiwa dogo

Shida inaanza pale viazi visipoenea.

Skrini hutoa mwanga. Karatasi haitoi, inarudisha tu mwanga unaoiangukia, na wino kazi yake ni kula sehemu ya mwanga huo. Sayani hula nyekundu, majenta hula kijani, njano hula bluu. Ukitaka bluu kwenye karatasi unaweka sayani na majenta pamoja: moja ile nyekundu, nyingine ile kijani, ibaki bluu. Hesabu nzuri. Ila wino halisi hauna adabu ya mezani. Majenta inakula pia kiasi cha bluu ambayo haikuandikiwa, na sayani vile vile inadokoa kijani na bluu. Ukizilaza zote mbili, bluu iliyotakiwa kubaki imeshamegwa pande mbili. Kinachosalia ni bluu ya giza, nzito.

Tuiweke kwenye mizani. Bluu kali kabisa ya sRGB, yaani 0, 0, 255, ina b ya karibu -112. Sayani asilimia 100 na majenta asilimia 100, kwa uchapaji wa ofseti wa kiwango kizuri kwenye karatasi iliyopakwa, b yake ni karibu -46. Haifiki hata nusu. Tanzanaiti si kali kama ile bluu tupu ya skrini, lakini zile cheche zake za ndani, zile zinazomfanya mtu avue miwani na kusogea karibu, ziko ng'ambo ya mpaka wa wino. Jakaranda za Arusha zinapochanua mwishoni mwa mwaka zina tatizo hilo hilo, kwa ukali mdogo.

Usidhani karatasi inashindwa kila upande. Sayani tupu ya ofseti iko nje ya sRGB, yaani kuna samawati karatasi inayoiweza na skrini nyingi za kawaida haziwezi. Shuka nyekundu ya Kimaasai kwa kawaida hupita salama, kwa sababu majenta na njano zikikutana hutoa nyekundu yenye nguvu. Nyasi za baada ya masika nazo hazina neno. Kijani cha kuumiza macho kinachopotea kwenye uchapaji ni kile cha nembo na taa, ambacho porini hukikuti. Kwa hiyo kipeperushi cha safari kina hofu ndogo kuliko kipeperushi cha vito, na ukijua hilo unajua pa kuweka nguvu zako.

Rangi zisizoenea zifanyweje? Hilo halina jibu moja, na ndiyo maana ukiwa unageuza picha programu inakuuliza. Ziko njia nne, mbili ndizo zinazokuhusu.

Njia ya kimtazamo hupunguza kila kitu kwa pamoja, hata rangi ambazo zingeenea, ili uhusiano kati yao ubaki. Ni kama kushusha sauti ya kwaya nzima ili soprano asipasue spika. Picha inapoa kidogo lakini mipito ya rangi ndani ya jiwe inabaki. Njia ya kipimo linganishi huziacha rangi zinazoenea kama zilivyo, na zile za nje inazisukuma mpaka ukutani. Kwa picha ya twiga kwenye nyasi hii ya pili huwa nzuri, kwani karibu kila kitu kilikuwa ndani tayari. Kwa tanzanaiti ni hatari: bluu tano tofauti za ndani ya jiwe zinagandamizwa ukutani zikawa bluu moja, na jiwe linageuka kipande cha plastiki. Kwa vito, mimi ningeanza na ya kimtazamo. Lakini jaribu zote mbili kwa macho yako, inategemea picha. Kwenye njia ya kipimo linganishi washa na kile kisanduku cha fidia ya weusi, ili nyeusi ya picha iangukie nyeusi ya karatasi badala ya vivuli kuzibana.

Na ule uzambarau unatoka wapi? Sehemu moja ni majenta kuzidi kidogo. Mashine ikisogea tu, bluu ndiyo ya kwanza kuonekana, kwa kuwa inategemea mizani kati ya wino mbili nzito. Sehemu nyingine ni ya kushangaza zaidi, imo kwenye hesabu yenyewe. Lab ina kasoro inayojulikana upande wa bluu. Ukichukua bluu kali ukaipunguza ukali kwa kufuata mstari ulionyooka kuelekea kijivu, hesabu inasema rangi ni ile ile ila imepoa. Jicho linakataa. Linaona bluu ikigeuka zambarau. Profaili iliyotengenezwa bila kulijua hilo inafuata mstari kwa uaminifu na kukuletea jiwe la zambarau. Watengenezaji makini wa profaili hupindisha mstari huo makusudi. Kwa hiyo profaili mbili za mashine moja zinaweza kutoa tanzanaiti mbili tofauti, na hakuna hata moja iliyoharibika.

Unageuza kwa ajili ya mashine ya nani?

Hapa ndipo naona pesa nyingi zinapotea kimya kimya. Mteja anaambiwa na kiwanda, "Tuletee CMYK." Mbunifu anafungua Photoshop, anaenda kwenye Mode, anabonyeza CMYK, kwisha kazi. Faili sasa lina namba nne badala ya tatu. Lakini CMYK ya mashine gani?

Kama programu iliwekwa na mipangilio yake ya Marekani na hakuna aliyeigusa, jibu ni: U.S. Web Coated (SWOP) v2. Hiyo ni profaili ya mashine za magazeti ya rangi za Marekani, zile zinazovuta karatasi kutoka kwenye roli kubwa kwa mwendo wa kasi. Picha ya jiwe la Mererani, kwa ajili ya kipeperushi cha Njiro, imepimiwa nguo ya mtu wa kule. Si ajabu inampwaya.

Kwa ofseti ya karatasi za shiti zilizopakwa, zile mafundi wanaziita art paper, chaguo la kuanzia lililo karibu zaidi kama kiwanda hakina profaili yake ni zile za msingi wa FOGRA39, au FOGRA51 ya mwaka 2015. FOGRA ni taasisi ya utafiti wa uchapaji ya Ujerumani, na vipimo vyake hutumika nje ya Ulaya pia. Ukichapa kwenye karatasi ya kawaida isiyopakwa, tafuta profaili ya karatasi isiyopakwa. Wino unazama humo, rangi zinashuka, na bluu inashuka zaidi.

Ila bora kuliko kukisia ni kuuliza. Piga simu kiwandani kabla hujageuza chochote: mnachapa kwa ofseti au dijitali, kwenye karatasi gani, na mnataka faili kwa profaili gani? Wakikwambia "lete tu RGB yenye profaili, sisi tutageuza", na ni watu wanaoijua kazi, wape. Kwa printa za dijitali na maabara za picha hilo ndilo jibu la kawaida, hata kwa printa yako ndogo ya nyumbani. Zina wino wa CMYK, lakini programu zake zinategemea kupokea RGB. Ukizipelekea CMYK umegeuza mara mbili.

Mashine kupata profaili yake si uchawi. Unachapa chati ya viraka vya rangi, ile ya kawaida ya ofseti ina viraka 1,617, unavipima kimoja kimoja kwa kifaa kinachoitwa spektrofotomita, programu inaandika jedwali. Iko programu ya bure ya kazi hiyo, ArgyllCMS. Gharama iko kwenye kifaa cha kupimia, na kwenye nidhamu: profaili ni picha ya mashine ilivyokuwa siku ile, kwa wino ule na karatasi ile. Ukibadili wino wa bei rahisi wiki ijayo, profaili imekuwa kumbukumbu tu.

Nyuso

Vito ni biashara, lakini kuna kitu kingine kwenye vipeperushi vya Arusha kinachoniuma zaidi: sura za watu. Waongozaji, wapagazi wa Meru na Kilimanjaro, mama wa banda la shanga. Kwenye skrini unaona shavu linang'aa, mkunjo wa tabasamu, kivuli chini ya kofia. Kwenye karatasi inakuwa doa jeusi lenye meno.

Watu husema "weusi ndivyo tunavyotoka kwenye picha". Hapana. Sababu inapimika. Doti ya wino ikigusa karatasi hutanuka. Kwenye karatasi iliyopakwa, doti iliyopangwa kufunika asilimia 50 ya nafasi yake huishia kama 64. Kwenye karatasi ya gazeti inafika karibu 76. Ile profaili ya magazeti inaitwa ISOnewspaper26 kwa sababu ya hizo asilimia 26 za nyongeza. Ngozi ya kahawia iliyokoza imejengwa kwa wino zote nne, na iko hasa kwenye eneo la katikati na la giza ambako kutanuka huku kunaumiza. Ngozi nyeupe iko juu kwenye doti ndogo, kosa lile lile halionekani sana.

Kuna na kikomo cha wino. Jumla ya asilimia za wino nne mahali pamoja haiwezi kupita kiasi ambacho karatasi inaweza kukausha: kama 300 hadi 330 kwa karatasi iliyopakwa, 240 kwa gazeti. Faili lililogeuzwa kwa profaili ya karatasi iliyopakwa likaenda kuchapwa kwenye gazeti linamwaga wino kuliko karatasi inavyobeba, na vivuli vyote vya uso vinaziba. Profaili sahihi inajua doti zitatanuka kiasi gani, hivyo inaipunguza mapema. Inajua kikomo, hivyo inaondoa mchanganyiko wa sayani, majenta na njano kwenye vivuli na kuweka nyeusi badala yake. Mashavu yanarudi. Hakuna haja ya kumpauisha mtu kwa kuvuta mwangaza wa picha nzima, kosa ambalo ni baya kuliko lile la kwanza.

Historia nayo ina mkono hapa. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha mashine zao kwa kadi za majaribio za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Profaili angalau inapima viraka, na viraka havina rangi ya ngozi. Lakini wewe unayechagua picha ya kujaribia bado unachagua. Ukiomba prufu ya kipeperushi cha safari, hakikisha ukurasa wenye uso wa mwongozaji umo ndani yake, si ule wa machweo peke yake. Machweo husamehe kila kitu.

Kabla hujalipa

Programu inaweza kukuonyesha kwenye skrini picha itakavyotoka ikichapwa, bila kubadilisha faili. Photoshop iko chini ya View, kwenye "Proof Setup". GIMP na Krita, ambazo ni za bure, zinafanya pia, na Scribus inatunza profaili hadi kwenye PDF. Chagua profaili ya kiwanda, ubadilishe njia ya kugeuza huku na huku, uangalie jiwe. Mara ya kwanza utasikitika. Ni heri usikitike sasa. Hilo lina maana tu kama skrini yenyewe imesawazishwa na mwangaza wake haujapandishwa hadi mwisho. Picha inayopendeza kwenye skrini kali kupita kiasi itatoka giza karatasini hata ufanye nini.

Kisha omba prufu ya karatasi, na uiangalie kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, sio chini ya taa ya ofisini. Kwa tanzanaiti hili ni muhimu mara mbili. Jiwe lenyewe hubadilika: mchana huelekea bluu, chini ya balbu ya njano huelekea urujuani, na ukilizungusha linaonyesha rangi tofauti kila upande. Ukilinganisha prufu iliyo dirishani na jiwe lililo chini ya balbu utabishana na fundi mpaka jioni, nyote mkiwa sahihi.

Kama bado bluu haitoshi na kazi ni ya thamani, kama vile kadi za mnada au jalada la katalogi, uliza kuhusu wino wa tano. Bluu au urujuani uliochanganywa kiwandani ukachapwa juu ya zile nne unafika mahali ambapo sayani na majenta hazifiki. Utalipia zaidi. Kwa vipeperushi vya kugawa kwenye maonyesho singehangaika. Ningechagua picha yenye utulivu, ningeweka kitambaa cha kijivu chini ya jiwe badala ya cheupe, maana bluu ikizungukwa na kijivu jicho huiona imekolea zaidi, nikaishia hapo.

Na lile faili la RGB la mwanzo lihifadhi, usiandike CMYK juu yake. Ukishageuza, bluu iliyokatwa imekatwa. Kuirudisha CMYK kuwa RGB hakuifufui, kama vile kuhamishia viazi kwenye gunia kubwa kusivyorudisha vilivyomwagika njiani. Mwakani utataka tangazo la mtandaoni, au bango kwenye printa yenye wino nane, na hapo utalihitaji jiwe lote.